Karatasi ya Majina: Uzoefu Wangu wa Kuwasaidia Walimu Kujenga Upendo Shuleni

Kata ninayoihudumia kama Afisa Elimu Kata iko Mkoa wa Katavi, na anayeufahamu mkoa huu anajua kwamba darasa moja la shule ya msingi laweza kuwa na watoto wa Wabende na Wapimbwe ambao ndio wenyeji, watoto wa wafugaji wa Kisukuma wanaohamia na mifugo katikati ya muhula, na wajukuu wa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Familia hizo za mwisho zilipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014, pamoja na wenzao wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, jumla yao wakiwa zaidi ya watu 162,000. Uraia ulitolewa, lakini uwanjani mtoto bado huitwa mkimbizi na mwenzake ambaye hata hajui Burundi iko upande gani, na mtoto wa mfugaji naye huchekwa kila anapofungua kinywa kujibu swali kwa Kiswahili. Walimu wengi waliyachukulia hayo kuwa utani wa watoto. Mimi niliamini kwamba sehemu kubwa ya utoro tuliokuwa tukiuandikia taarifa kila mwezi ilianzia hapo.

Sikutaka kuitisha semina. Semina huanza na swali la posho na huisha kwa walimu kukubaliana na kila kilichosemwa, kisha kila mmoja akarudi darasani kufanya kama alivyozoea. Badala yake niliwaomba walimu wakuu wanipe sehemu ya muda wa jumuiya za ujifunzaji, ambao tayari upo chini ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, na ambao kwa kawaida hutumika kujadili mada ngumu za kufundisha. Hakukuwa na gharama ila chai, ambayo shule zilikuwa zikiipika hata kabla sijafika.

Kikao cha kwanza kilikuwa na zoezi moja tu. Kila mwalimu wa darasa aliweka pembeni daftari la mahudhurio, akachukua karatasi tupu na kuandika majina ya wanafunzi wake kadiri alivyoyakumbuka, na mbele ya kila jina akaandika jambo moja analolijua kuhusu mtoto huyo lisilohusu alama za mtihani. Naomba msomaji asilione zoezi hili kuwa jepesi. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa yamefurika, na kwetu kupata watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja si habari ya kushangaza mtu. Mwalimu mmoja wa Darasa la Tatu aliandika kwa kasi, kisha akasimama njiani.

"Afisa, hawa wa nyuma nawajua kwa sura tu," aliniambia.

"Basi mwalimu, leo tuwazungumzie hao hao wa sura," nikamjibu.

Tulipolinganisha karatasi na madaftari ya mahudhurio, picha ilikuwa ileile karibu kila darasa. Walioandikwa kwanza walikuwa viranja, wanaofanya vizuri na wasumbufu. Waliokosekana ni wapole wasiouliza kitu na wale waliohamia katikati ya mwaka, na wengi wao ndio hao hao waliokuwa na alama nyingi za kutohudhuria. Sikuhitaji kuhutubia, kwa maana kila mwalimu alikuwa ameshika ushahidi wake mkononi.

Ubishi ulikuja tulipojiuliza tufanye nini na majina hayo. Wapo waliopendekeza kuwanunulia daftari na kalamu, na nia yao ilikuwa njema, lakini mimi nilipinga, kwa sababu mtoto anayepewa msaada mbele ya darasa hutoka hapo akiwa na jina jipya la maskini. Nilishauri wapewe kazi: kukusanya madaftari ya mazoezi, kugonga kengele, kusimamia ndoo ya maji, kugawa uji. Nimeshuhudia kwamba mtoto ambaye wenzake wanamhitaji huzoea darasa upesi kuliko yule wanayemhurumia. Mtoto wa Kisukuma aliyeletwa juzi tulimkalisha na mwenzake anayezijua lugha zote mbili, awe mkalimani wake katika wiki za mwanzo. Walimu waliogopa kwamba wathibiti ubora wa shule wakifika na kusikia Kisukuma katika kipindi cha Hisabati watawaandika vibaya. Niliwaeleza kwamba mwalimu mwenyewe anaendelea kufundisha kwa Kiswahili kama sera inavyotaka, na kwamba mtoto anayenong'onezewa maana ya swali anasaidiwa kukifikia Kiswahili hicho.

Suala la fimbo lilikuwa gumu kuliko yote. Walimu wanafahamu kwa kusikia tu kwamba upo Waraka wa Elimu Namba 24 wa mwaka 2002, lakini wachache wamewahi kuusoma. Tuliusoma pamoja, mstari kwa mstari: viboko visizidi vinne, atoe mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkaimisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Mwalimu wa nidhamu wa shule mojawapo, mtu mzima ninayemheshimu, alisema wazi kwamba upole utazaa utovu wa nidhamu. Sikubishana naye. Nilimwomba aanze kukijaza kitabu hicho kikamilifu, kisha atuonyeshe ni akina nani wanaojitokeza humo mara kwa mara. Alipokileta kikaoni, wengi walikuwa wachelewaji kutoka kitongoji kimoja cha mbali, watoto wanaochota maji au kutoa ng'ombe zizini kabla ya kuja shule, ambao kwa sababu ya kuzuiwa getini walikuwa wakikosa pia kipindi cha kwanza. Ni yeye aliyependekeza waingie darasani kwanza, na suala la kuchelewa lizungumzwe na wazazi wao katika mkutano wa kitongoji. Fimbo haijaisha katika kata yetu, na atakayesema imeisha atakuwa anadanganya, lakini mwalimu huyo sasa ndiye anayewauliza wenzake kama wameandika.

Kuna jambo ambalo wanaozungumzia upendo shuleni hulisahau, nalo ni hali ya mwalimu mwenyewe. Mwalimu wa ajira mpya anayetoka Mtwara au Kilimanjaro hushuka Mpanda asimjue mtu, akapanga chumba kisicho na umeme, na katika ofisi ya walimu akakuta mazungumzo yamekwishagawanywa kwa makundi ya waliozoeana. Huyo utamwambiaje amfanye mgeni ajione yuko nyumbani? Kwa hiyo tulikubaliana na walimu wakuu kwamba chumba kitafutwe kabla mgeni hajaripoti, na kwamba mwalimu mmoja mwenyeji ampeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, sokoni na zahanati. Mwalimu wa kike aliyepokelewa kwa utaratibu huo ndiye aliyeomba, bila kuombwa na mtu, kumsimamia msichana aliyerejea masomoni baada ya kujifungua, kama Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unavyoruhusu, na alihakikisha mambo ya binti huyo hayasemwi mstarini.

Karatasi za majina tunaziandika upya kila muhula unapoanza. Katika shule moja mwalimu mkuu amehamishwa, na aliyekuja baada yake hakuupenda mtindo wa kuandika kwa kukumbuka kichwani, akisema unawaaibisha walimu wenye madarasa makubwa. Tulizungumza, na kwa Darasa la Kwanza na la Pili tumeridhia mwalimu aandike mstari mmoja wa madawati kwa wiki, hadi chumba kizima kiishe.