Simba wa Mama na ile 777 yangu

Jumamosi saa mbili asubuhi, Mama wa steshenari kanipigia: "Mwanangu, huyo Simba wako kagoma tena." Anamaanisha Samba, programu inayoiwezesha kompyuta ya Linux kugawana mafaili na Windows na Mac. Mama ni Yanga damu, kwa hiyo kitu kikiharibika dukani anajua wa kumlaumu. Na hakukosea sana: Andrew Tridgell alipokuwa anatafuta jina la programu yake, alipekua kamusi akisaka maneno yenye herufi S, M na B, kutokana na SMB, lugha ambayo Windows huitumia kugawana mafaili. Kamusi ingekuwa ya Kiswahili, leo tungekuwa tunamsikiliza Mama.

Duka liko Morogoro. Dada wa kudizaini anatumia Mac, kijana wa kaunta Windows, na mafaili yanakaa kwenye kompyuta kuukuu niliyoitia Ubuntu, aina ya Linux. Kijana anafungua kadi ya harusi aliyoitengeneza dada, anaiona vizuri kabisa. Akirekebisha jina la bibi harusi na kuseva, Windows inamwambia hana ruhusa. Mteja kasimama hapohapo, mkono kiunoni.

Niungame. Tatizo hilihili lilitokea miezi miwili nyuma, nikalimaliza kwa sekunde tano: chmod -R 777, amri ya kubadili ruhusa, kwenye folda nzima na vilivyomo, kila mtu afanye atakalo. Likatulia mpaka dada alipofungua folda ya mteja mpya, maana amri ile hugusa vilivyopo, si vitakavyozaliwa kesho.

Safari hii sikuanza na smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, ambako wengi wetu hukesha bure. Nilikaa kwenye ile kompyuta kuukuu yenyewe nikajifanya kijana wa kaunta: sudo -u kaunta touch jaribio.txt, yaani kuunda faili tupu kwa jina lake, ndani ya folda ya mteja. Ikakataa. Kumbe hata bila mtandao hapiti, Linux yenyewe inamzuia. Nikapiga ls -l, inayoonyesha ruhusa na mwenye mali: folda 755, mafaili 744, vyote mali ya dada. Hizo ndizo namba ambazo Samba hujiwekea usipoiagiza vingine. Mwenyewe anaandika, wenzake wanasoma tu.

Nikaunda kundi nikaliita duka, nikawaingiza wote wawili, nikalikabidhi kazi za wateja kwa chgrp -R. Folda nikazipa 2775, mafaili 664: mwenyewe na kundi waandike, wengine wasome tu. Ile 2 ya mbele ndiyo dawa: kitakachozaliwa ndani ya folda kinarithi kundi la folda, hata akitengeneze nani. Kwenye smb.conf nikaongeza create mask = 0664 na directory mask = 2775, ili vipya vizaliwe na ruhusa hizohizo; testparm, inayokagua makosa ya faili hilo, ikapita, nikaisomesha Samba mipangilio upya.

Bado ikagoma! Dakika kumi za jasho, ndipo nikakumbuka kwamba ile Windows ilikuwa imeshaingia tangu asubuhi, na makundi ya mtu husomwa anapoingia. Kwenye Windows nikapiga net use * /delete kukata miunganisho yote, kijana akaingia upya, kadi ikaseva. Mteja akalipa akaondoka bila kuaga.

Wakati napitia orodha niliiona folda ya mishahara, nayo 777, zawadi yangu ya siku ile. Nikaifunga kwa 2770, kundi la Mama peke yake, nikanyamaza. Jumatatu kijana wa kaunta kaniita pembeni, sauti ya chini: "Kaka, mbona ile folda ya mishahara siku hizi haifunguki?"