Nairobi hadi New York: kilomita 11,840 na saa zisizolingana

Huwa naifikiria sana safari hii tangu ndege ya moja kwa moja ilipoanza, tarehe 28 Oktoba 2018. Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hadi ule wa John F. Kennedy ni kilomita 11,840 hivi. Ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya tufe la dunia, lakini ukiichora kwenye ramani ya ukutani inapinda: inaondoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, inapita Chad, Niger, Algeria na Moroko, ndipo inaingia Atlantiki. Anayeweka rula kwenye ramani hiyohiyo atapitia Nigeria na Mali, na njia yake itakuwa ndefu zaidi, hata kama jicho linakataa kuamini.

Boeing 787 hukata kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na kidogo. Mbona basi tiketi inasema karibu 15 kwenda na 14 kurudi? Sababu kubwa ni upepo. Huko juu ya Atlantiki ya kaskazini hewa hukimbia kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo anayekwenda Marekani anapambana na upepo wa mbisho. Ukipunguza mwendo kwa kilomita 60 tu kwa saa, saa 13 zinakuwa 14. Halafu tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapoegeshwa, pamoja na foleni ya kuruka na mizunguko ya kusubiri kutua.

Kuna na mwinuko. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na jua la mchana huizidisha wepesi. Mabawa na injini hupungukiwa nguvu wakati ndege imejaa mafuta ya safari ndefu. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunairuhusu ibebe uzito zaidi.

Sasa saa za kufika. Chukua ndege ya 23:25, yaani saa 5:25 usiku. Ongeza saa 15: Nairobi ni saa 8:25 mchana. Toa 8, tofauti ya saa kati ya miji hii wakati wa majira ya baridi, na New York ni saa 12:25 asubuhi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba unatoa 7, kwa kuwa wao husogeza saa zao na Kenya haisogezi.

Kosa linalouma zaidi ni la tarehe. Tiketi ikiandikwa 00:05 tarehe 14, unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 13, saa 3 usiku. Ukienda jioni ya tarehe 14, ndege itakuwa imeshatua New York saa kadhaa kabla yako.