Pai za maembe kwenye jiko la mkaa, na michembe ya mama mkwe

Naanza na malalamiko halafu ndo tupike. Ukisema tu unataka kuoka pai, wa kwanza atakuuliza una oveni? Wa pili, una friji? Wa tatu atakwambia mwanaume mzima unaoka pai za nini, na huyo wa tatu ndo huyohuyo atakayepita jioni kuomba ya kuonja. Mimi ni fundi simu hapa Tabora, nakaa Isevya, jiko langu la mkaa, oveni sijawahi kumiliki na friji naionaga dukani. Na pai naoka. Za tamu naoka, za chumvi naoka, zote za maembe, na zinapanda treni zinafika Kigoma zikiwa nzima.

Sababu ya kuanza yote haya ni mwembe. Nyumba tuliyopanga ina mwembe mkubwa umeegemea upande wa chumbani, ikifika Novemba mpaka Januari yanadondoka usiku kucha juu ya bati, pah, pah, asubuhi unaokota ndoo kabla hujapiga mswaki. Sokoni nako bei inashuka mpaka muuzaji anakubembeleza ubebe. Na maembe kwetu sio kitu cha jana, miembe ilipandwa kufuata njia ya misafara toka Bagamoyo kuja hapa mpaka Ujiji, kwa hiyo karne na zaidi tunayo, lakini matumizi yetu bado ni kukaa kwenye kigoda na kisu huku juisi inachuruzika mpaka kwenye viwiko. Mengine yanaoza, nzi wanakuja, mwenye nyumba analalamika.

Basi nikaingia kwenye simu nikaangukia video ya mama mmoja wa Marekani. Jikoni kwake kuna ubaridi mpaka kavaa sweta, nje majani yamekuwa mekundu, anasema huu ndo msimu wa vuli, msimu wa matufaha, tuoke pai ndogo za kushika mkononi. Vuli yao ni Septemba mpaka Novemba. Sasa miezi hiyohiyo huku kwetu ndo ile mvua inasuasua, jua linapiga bati toka asubuhi, ukikaa ndani saa saba mchana unatoka umelowa. Yeye anasema siagi iwe ya baridi kabisa, ikatwe vipande vidogo, uichanganye na unga kwa ncha za vidole harakaharaka isiyeyuke, kwa sababu vile vipande vikiingia kwenye moto vikiwa vizima vinatoa mvuke na ganda linakuwa na matabaka. Na ni kweli kabisa, sibishi, ila ni kweli ya kwake kule. Siagi inayeyuka kwenye nyuzi 32 mpaka 35 hivi, na chumba changu mchana ule kilikuwa hukohuko.

Siagi yenyewe bei yake ni ya harusi, nikachukua Blue Band, nikaipeleka kwenye friji ya duka la jirani nikatoa na mia tatu ya shukrani, nusu saa haijaisha umeme ukakatika. Ikarudi ni uji wa njano. Nikapiga hivohivo kwa sababu maembe nishamenya, unga ukanywa mafuta ukawa unang'aa, ukiusukuma unachanika, ukiunyanyua nusu inabaki kwenye kibao. Na ndani nimeweka embe bolibo zilizoiva vizuri, zile unafikiri ndo zenyewe. Hapa video haikunisaidia kitu maana tufaha lina ukaidi, ukilipika linabaki vipande, bolibo lililoiva halina ukaidi wowote. Halafu sukari ukiimwaga juu ya tunda lililokatwa inavuta maji yatoke nje, nimegeuka kidogo kuhangaika na unga, kurudi vipande vinaogelea. Jirani mmoja anaoka keki za oda, akasema ongeza sukari, sukari ndo inakaza, si unaona jamu? Kasema kwa kujiamini mpaka mtu unaona aibu kuuliza mara mbili. Jamu inakaza kwa kuwa umeichemsha muda mrefu maji yakaondoka bana, sio kwa kuwa umeimwagia sukari ikiwa bakuli la baridi! Lakini nikaongeza.

Kilichotokea ndani ya sufuria sikukiona, nilikisikia. Tsss. Kimya. Tsss tena. Halafu harufu ya sukari inayoungua, halafu moshi ukaanza kutoka pembeni ya mfuniko, wapangaji wenzangu wakaanza kuchungulia. Kufunua nakuta pai zote zimepasuka ubavuni, juisi yote imekimbilia kwenye sahani ya bati imeganda imekuwa peremende nyeusi, na pai zenyewe ndani hamna kitu, upepo mtupu. Mama mkwe alikuwa kwetu siku zile, kaja toka Sikonge, akainama akaangalia, akasema kwa upole wake uleule, "Baba, hizi mbona zimetapika?" Mkwe huyo, unamjibu nini? Nikasema, "Ndiyo mama, tumbo liliwachafuka." Mke wangu akatoka nje kabisa akacheke huko. Watoto wa wapangaji wakakaa na ile sahani wakibandua peremende kwa misumari mpaka Magharibi, kwa hiyo hakuna kilichotupwa.

Baada ya hapo kila mtu akawa mshauri. Wa hamira alikuja, nikamsikiliza, nikapata maandazi yenye embe ndani, mazuri tu kwa chai ila mimi sikuwa natafuta maandazi. Wa kuchanganya unga wa ngano na embe naye alikuja, ikawa gundi. Kastadi inafanya kazi, nisiwe muongo, inanywa maji vizuri, ila kila kitu kinanukia vanila na embe lenyewe hulisikii tena.

Ganda nililitatua kwa yule mama anayechoma chapati pale kona. Nilikuwa nakula chapati nikamuuliza mbona zako ni laini hivi na joto lote hili, akasema, "Baba, mimi nakandia maji ya moto, unga hauna pa kukimbilia." Hapo kichwa kikawaka. Kama mafuta yatayeyuka tu, si uyayeyushe mwenyewe toka mwanzo? Na kumbe Waingereza wana ganda la hivohivo kabisa, mafuta yanachemshwa na maji yanamwagwa kwenye unga wakati ni ya moto, ndo wanafanyia pai zao za nyama ya nguruwe zile zinazosimama zenyewe bila chombo. Matabaka hupati, lakini unapata ganda gumu kiasi, haliloi haraka, na linabebeka. Pai ya mkononi unataka nini kingine.

Mimi nachukua unga nusu kilo, samli robo pungufu kidogo (ukikosa samli hata mafuta ya kupikia ya mgando yanaenda), maji kikombe cha chai kisichojaa, chumvi. Samli na maji vichemke pamoja, mimina, koroga na mwiko, halafu ukande ukiweza kuvumilia mikono. Usiache upoe kabisa kabla hujausukuma maana utaanza kukatika pembeni, ufunike na taulo ukate donge mojamoja. Unene ni kama sarafu mbili za mia mbili zikipandana, ukifanya mwembamba kama wa sambusa imekula kwako.

Maji ya embe sasa. Hapa ndo najisifu na mtanisamehe. Mama mkwe alipokuja alibeba asali na mfuko wa michembe, viazi vitamu vile vya kukatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, sio matobolwa, matobolwa yanachemshwa kwanza. Mfuko umekaa pale kwenye kona, mimi nauangalia, nikajiuliza hiki kitu si ni kikavu mpaka kinalia, si ni wanga mtupu, na wanga mbichi ukikutana na juisi ya moto si lazima uvimbe unywe? Nikachukua kiganja nikatwanga kwenye kinu mpaka ukawa unga mlaini, nikachekecha. Nikisukuma ganda nanyunyiza kijiko kimoja cha huo unga chini, ndo embe linakaa juu yake. Halikutoka hata tone! Juisi yote imebaki ndani imekuwa nzito, imeng'aa, na michembe ina utamu wake kwa hiyo sukari unapunguza. Mama mkwe alipokula akanyamaza kidogo akauliza, "Umeweka kiazi?" Ulimi wa mtu mzima huudanganyi.

Siku hizi sukari siweki kabisa, naweka asali, ila mwishoni, embe likishapikwa kidogo sufuriani na tangawizi na ndimu likapungua maji. Asali ya huku ya misitu ya miombo ni nyeusi na nzito ina ukali fulani, ukizidisha embe linapotea. Na utie vitu vikiwa vimepoa, ukitia vya moto ganda linalegea chini unabaki unaokota.

Za chumvi ndo rahisi zaidi na ndo zinazoisha kwanza. Unatumia embe bichi kabisa, lile gumu la kulia na pilipili na chumvi. Embe bichi lina wanga mwingi ambao haujageuka sukari bado, halivuji kama lililoiva. Likwangue, tia chumvi, liache, halafu likamue kwa mkono kwa nguvu, utashangaa maji yanayotoka, na usiyamwage, weka kwenye kachumbari. Changanya na nyama ya kusaga iliyokaangwa ikakauka na kitunguu, bizari, pilipili manga, karanga za kutwanga kidogo. Ule uchachu unakata mafuta ya nyama. Kipindi cha mvua uyoga ukiwa mwingi barabarani nyama naacha, naweka uyoga, na wateja hawajawahi kulalamika, wengine wanadhani ni kuku.

Kuoka ni kama keki ya sufuria, mnajua. Mchanga chini, kijiti au mawe, sahani juu yake, mfuniko, mkaa. Watu wengi wanakosea kwenye moto, wanajaza chini. Mkaa mwingi ukae juu ya mfuniko, chini bakiza makaa machache tu yaliyoanza kuwa na majivu, la sivyo tumbo linaungua na mgongo mweupe. Mimi napima kwa kipande cha karatasi ya daftari, nakiweka ndani nafunika, nikihesabu polepole mpaka kama mia na kitu kikatoka kimekuwa cha kahawia, tayari, kikiwa cheusi punguza juu. Pembeni bana kwa uma, paka yai, na toboa juu kwa kisu mvuke upate mlango. Usipotoboa mvuke utatafuta mlango wake, na mlango wake siku zote ni ubavuni.

Nimewahi pia kujaribu ya pande mbili. Kule Uingereza, Bedfordshire, kuna chakula cha zamani cha watu wa mashambani kinaitwa clanger, nyama upande mmoja, jamu upande wa pili, katikati ukuta wa unga, mtu anaanza na chakula anamalizia na kitamu bila kufungua kingine. Wazo zuri sana. Nikafanya, embe bichi na nyama huku, embe na asali kule. Tatizo ni kwamba nje hazina alama, mteja wangu mmoja fundi pikipiki alianza na upande wa asali akafika kwenye bizari bila taarifa, alinitazama vibaya. Sasa upande wa chumvi natoboa matundu matatu, wa tamu mkato mmoja. Bado namfuata aonje tena hataki.

Gharama sijawahi kukaa nikapiga hesabu vizuri. Maembe bure au karibu na bure, unga na samli ndo pesa, mkaa unaugua nao kwa sababu bei haishuki. Nikitumia kama elfu saba napata sinia moja, nauza ya chumvi mia tano na ya tamu mia tatu, na watoto wa nyumbani wanakula faida. Dada yangu yuko Kigoma, namtumia kwa mtu anayepanda treni, nazipanga kwenye ndoo ya plastiki na karatasi katikati, zikiwa zimepoa kabisa, usifunike za moto maana jasho lake linalainisha ganda. Nazo nampa za embe tamu tu na nyingine za uyoga mkavu, za nyama kwa safari ya namna ile na joto lile sithubutu.

Yeye akizipokea anazirudisha kwenye kikaangio kikavu, moto mdogo, kafunika, anageuza mara moja, ganda linakaza tena kama limetoka jikoni. Sasa ananiambia mananasi ya kwao yameanza kushuka bei na anataka nijaribu. Nanasi lina maji kuliko embe. Nishamwagiza mama mkwe mfuko mwingine.