Wünsdorf, nilikokwenda kuutafuta msikiti

Nilikuwa najua msikiti wenyewe haupo. Ulishabomolewa kabla baba yangu hajazaliwa. Hata hivyo Jumamosi ile nilipanda treni Berlin nikaelekea kusini, safari isiyotimia saa nzima. Nyumba za jiji zikaisha, ikabaki misonobari na mchanga mweupe, hadi kituo cha Wünsdorf-Waldstadt.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu Vita Kuu ya Kwanza ni habari ya nyumbani: Novemba 1914 Waingereza walishusha askari kutoka India ufukweni kwetu, na askari wa Mjerumani, wengi wao Waislamu, wakawarudisha baharini. Hapo Wünsdorf nilifuata upande wa pili wa vita hiyohiyo. Mwezi uleule wa Novemba, Sultani wa Istanbul, rafiki wa Kaizari wa Ujerumani, alitangaza jihadi dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Wajerumani wakaona hapa pana faida. Mateka Waislamu kutoka majeshi ya maadui wakatengewa kambi yao, wakitendewa vyema kuliko wengine, ili wageuke wapigane upande wa pili. Kambi ikaitwa Halbmondlager, yaani Kambi ya Hilali. Ndani yake walikuwamo watu wa Algeria, Tunisia, Morocco, Afrika Magharibi na India, Wahindi hata wasio Waislamu. Watatari waliotekwa kutoka jeshi la Urusi waliwekwa kambi ya jirani, Zossen.

Na wakajengewa msikiti. Wa mbao, wenye kuba na mnara, ukafunguliwa tarehe 13 Julai 1915, Ramadhani inaingia. Ndio msikiti wa kwanza wa kuswalia kujengwa Ujerumani. Kwenye picha za zamani wanaonekana watu wamejipanga safu mbele yake, na nyuma yao misonobari hiihii niliyoipita na treni. Niliitazama picha ile mara nyingi sana kabla ya safari. Msikiti uliojengwa ili watu waende vitani! Lakini waliosujudu mle ndani walisujudu kwa nia zao wenyewe, na hilo hakuna serikali inayoweza kulimiliki.

Kilichobaki ni kibao cha barabara: Moscheestraße, Barabara ya Msikiti. Nilisimama chini yake kwa muda. Mwaka 2015 wanaakiolojia walichimba eneo lile, kwa kuwa palitakiwa pajengwe makazi ya wakimbizi. Miaka mia moja kamili, na waliokuwa wanasubiriwa wengi wao walikuwa Waislamu tena.

Mji wenyewe umeishi kwa majeshi tangu zama za Kaizari. Ukitembea unakutana na vitu kama vichuguu vikubwa vya zege, vyembamba juu, virefu kuliko nyumba. Nikagusa kimoja: baridi, kimeota kuvu za kijani. Ni maficho ya kujikinga na mabomu ya ndege, yaliyobuniwa na Leo Winkel. Umbo la ncha lilikusudiwa bomu liteleze badala ya kutua. Hapa ndipo palikuwa na makao makuu ya jeshi la nchi kavu la Hitler. Majengo yake kumi na mawili, yaliyoitwa Maybach I, yalipewa mapaa na mabomba ya moshi kama nyumba za wanakijiji, ili rubani akipita juu asishtuke, na chini yake yakaunganishwa kwa njia za ardhini. Pembeni palikuwa na handaki la Zeppelin, lenye mitambo ya simu iliyounganisha makao hayo na medani za vita. Aliyetutembeza, mama mmoja wa makamo, alituonyesha ukuta ambao maandishi ya Kirusi yamepakwa juu ya ya Kijerumani, na ya Kijerumani yanaanza kuchungulia tena rangi inapobanduka.

Warusi waliingia Aprili 1945. Baadaye wakapafanya makao makuu ya majeshi yao yote Ujerumani Mashariki, wakakaa hadi 1994. Makumi ya maelfu ya askari na familia zao waliishi humu, na shule, maduka na treni yao ya kila siku kwenda Moscow. Wenyeji wakapaita mji uliokatazwa. Lenin bado amesimama mbele ya Nyumba ya Maofisa, madirisha nyuma yake yamekufa. Siku hizi pana maduka ya vitabu vya zamani. Nilipita haraka, jua lilikuwa linashuka na bado sijafika nilikotaka.

Nilikotaka ni Zehrensdorf, msituni, kwenye makaburi ya mateka. Vibao njiani vinakukataza kuacha njia, kwa sababu ya silaha zilizobaki ardhini. Miaka ya Warusi eneo lile lilikuwa uwanja wa mazoezi, na makaburi yakaharibika. Yalikarabatiwa, yakafunguliwa upya mwaka 2005. Wahindi waliolala pale ni 206, Waislamu, Masingasinga na Wahindu pamoja.

Wataalamu walikuja kambini kurekodi lugha za mateka kwenye sahani za santuri, na sauti zile zipo Berlin mpaka leo. Mmoja wa mateka hao, Mall Singh, alizungumza tarehe 11 Desemba 1916. Alijisimulia kama mtu mwingine: palikuwa na mtu, kwao India alikula siagi, akaingia vita ya Wazungu, Ujerumani ikamteka, naye anataka kurudi kwao.

Nilipita safu kwa safu, nikisoma majina polepole na kwa sauti. Nikasoma Fatiha. Upepo ulikuwa juu ya misonobari tu, chini kimya. Kisha nikarudi kwa miguu hadi kituoni, viatu vimejaa mchanga, treni ya Berlin ikanikuta bado nimeshika mkononi karatasi niliyonakili majina.