Zile kalipa nyekundu na Mzee wa reli

Jumamosi naosha gari nje, mtoto wa kati kaniletea ndoo, kachuchumaa pembeni ya tairi la mbele, katulia anachungulia ndani ya rimu. "Baba, hiki chekundu nini?" Nikamwambia breki, kile kinachobana inaitwa kalipa. "Mbona gari ya jirani haina?" Anazo, ila hazijapakwa rangi. "Sasa za kwetu nyekundu za nini?" Nikamwambia aendelee kumwaga maji.

Za nini. Mama yao aliwahi kuniuliza hivyohivyo, ila yeye alikuwa ameshika risiti.

Wale wa Mwanga hapa Kigoma mnaikumbuka ile Subaru Impreza yangu, ndo hiihii, sijaiuza. Kipindi kile jamaa wa Mwanza na Kahama walikuwa wanapanga siku ya kukimbiza magari, siyo barabarani, kiwanja kabisa, mnapanga koni halafu mnapimana muda, anaingia mmoja mmoja. Na mi kichwa kilikuwa kimeshaharibika na video za Wajapani pale Tsukuba, sakiti ya kilomita mbili na kidogo tu ila kona zimebanana, mtu anakanyaga breki anaachia, anakanyaga tena, hamna pa kupumzikia. Ukiziangalia zile video kwa muda unaanza kuona gari yako ina nguvu ya kwenda tu, ya kusimama hamna. Breki zilizokuja nayo kutoka kiwandani kwa mjini hazina shida hata kidogo. Shida inaanza ukizitumia kwa fujo mfululizo, pedi, vile vibao ambavyo kalipa inavibana kwenye rota, sahani ya chuma inayozunguka na tairi, zinapata moto mpaka zinaanza kuteleza, unakanyaga pedali ngumu kabisa na gari inaendelea na safari zake, au ile mbaya zaidi, oili inachemka na pedali inazama mpaka chini.

Nilizitaka Brembo za dhahabu, kalipa za STI, ile Impreza ya mbio, nani hazitaki. Rota za mbele milimita 326. Ila zile haziingii kwenye rimu ya inchi 16, lazima uwe na 17, na rimu 17 maana yake na matairi mapya manne, hesabu ikagoma. Jamaa mmoja wa spea za mtumba Ilala akanitumia picha za hizi nyekundu, Subaru wenyewe, pistoni nne kila kalipa, rota milimita 294, na rimu yangu ya 16 inazivaa bila kugusa. Nikatuma hela. Zikaja na basi, ziko kwenye kiroba cha unga kimefungwa kamba, jina langu limeandikwa kwa maka peni na limekosewa.

Hapo ndo anaingia Mzee. Jina silitaji, hapendi. Alistaafu reli, kazi yake ilikuwa kukagua mabehewa, Tabora miaka na miaka halafu Kigoma, na alipotoka akafungua kibanda chake Katubuka chini ya mwembe, anatengeneza breki basi. Ukimpelekea gari inagonga mbele anakwambia nenda kwa vijana kule barabarani. Injini nenda kwa vijana. Breki tu.

Nikamfungulia kiroba. Akatoa kalipa moja akaigeuzageuza, akainusa (ananusa kila kitu), akauliza naenda nazo wapi. Nikamweleza kiwanja, koni, saa, Tsukuba na kila kitu. Akasikiliza mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Mwanangu, breki haisimamishi gari. Breki inasimamisha tairi. Gari inasimamishwa na tairi na barabara, na wewe matairi yako haya." Akalibonyeza moja kwa kidole gumba, hakusema kingine kuhusu hilo. Nikamuuliza sasa chuma chote hiki kazi yake nini? "Kula moto."

Basi mpaka leo sijasikia maelezo mafupi kuliko hayo. Mwendo wote wa gari ukikanyaga breki unageuka joto, lazima liende mahali, na chuma kikubwa kinalibeba joto jingi kabla hakijachoka. Ukitoka spidi 100 ukasimama mara moja hata breki ndogo inatosha. Ya kumi mfululizo ndo inakuuliza una chuma kiasi gani.

Kufunga kwenyewe sielezi, bolti zilikuwa na kutu, dogo wake mmoja akaumia kidole, mchana ukaisha. Ila kuna kitu kimoja lazima niseme. Yule dogo mwingine alirudi kula, ugali na migebuka ya mawese, na unajua mawese ya Kigoma hayaondoki kwenye vidole kwa maji matupu, akataka kuchukua pedi mpya aziweke. Mzee alipiga kelele mpaka mama muuza maandazi ng'ambo akasimama. Pedi ikigusa mafuta imekufa, hakuna kuifuta. Dogo akapelekwa kuosha mikono kwa sabuni, akarudi, akanuswa mikono, akarudishwa tena.

Na oili. Nilikuwa na chupa nusu ya oili ya breki ya daraja la DOT 3 kwenye buti, Mzee akaichukua akaiweka mbali, hakuitupa ila hakunirudishia pia. Hii oili inakunywa maji kutoka hewani, chupa ikishafunguliwa ndo imeanza kunywa, na huku kwetu ziwa liko palepale. DOT 3 ikiwa mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205, DOT 4 ni 230, lakini zikishakunywa maji zinaweza kushuka mpaka 140 na 155. Kwahiyo mtu ana kalipa za mamilioni na ndani kuna oili ya miaka mitano, siku anashuka mlima ndo anajua. Nikatumwa kununua DOT 4, mbili, zenye sili, na nilipozileta alikagua sili kwanza.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye oili ya breki, tukaanza jua linazama. Mi ndani kwenye pedali, dogo chini na spana ya kumi na kampira keupe kamezamishwa kwenye chupa tupu ya maji iliyotiwa oili ya breki kidogo, Mzee katikati anaongoza. Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga. Shikilia. Naona kwenye kampira vipovu vinapita, vikubwa, vidogo, vinapotea halafu vinarudi tena, mguu umeanza kutetemeka. Mzee akacheka peke yake. "Treni ikipoteza upepo inasimama," akasema. "Mpira wa breki ukikatika mabehewa yanajifunga yenyewe. Gari ikipata upepo haisimami. Mi nimehamia huku uzeeni najifunza kinyume."

Jumapili asubuhi tukaenda kujaribu. Alitaka Kalinzi. Wanaoijua ile barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu hawahitaji maelezo, lami nzuri, unapanda unapanda mpaka masikio yanaziba, migomba na kahawa huku na huku, na ukigeuza gari ni mteremko na kona mpaka unarudi chini. Kabla ya kupanda tukazizoesha pedi kwenye sehemu iliyonyooka hamna watu, nafika 80 nashuka hadi kama 20 bila kusimama kabisa, tena, tena, halafu tunatembea taratibu zipoe. Harufu ilitoka, akasema ni ya kawaida, ni gundi za pedi zinaungua. Kalinzi tukanywa chai, kina mama wanapita na mizigo, mwakeye mwakeye, Mzee anaitikia wote utadhani anagombea udiwani.

Kushuka akaniambia, "Leo usiisaidie." Maana yake nisitumie injini. Siku zote yeye ndo wa kwanza kugombana na madereva wa maroli wanaoweka fri kwenye mteremko kuokoa mafuta, shuka na gia ndogo, acha injini ikushike. Ila siku ile alitaka moto. Mwendo haukuwa wa ajabu, ni wa kibao, ila kila kona breki, breki, breki. Pedali ilikuwa juu na ngumu, tamu, nikaanza kujisikia mtu wa Tsukuba kabisa. Kitu kimoja tu, ukikanyaga kwa nguvu usukani unakwenda kulia kidogo. Kidogo sana. Nilidhani ni barabara. Mzee alikuwa hatazami barabara, alikuwa anatazama mikono yangu.

Penye tambarare akasema weka pembeni. "Usivute hendibreki. Usiache mguu kwenye pedali." Akashuka akaweka jiwe nyuma ya tairi. Rota ikiwa na moto vile ukaibana na pedi imesimama, pale ilipobanwa inapoa tofauti na kwingine, kesho usukani unatetemeka.

Halafu akafanya kitu ambacho nakiona mpaka leo. Akakunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, akachuchumaa upande wa kulia, akapeleka kiganja kwenye rimu bila kugusa, akafumba macho. Akakaa hivyo. Akainuka, magoti yakalia, akazunguka mbele ya gari ameshikilia boneti, akachuchumaa kushoto, kiganja, macho kafumba. Akarudi kulia. Akarudi kushoto. Pikipiki ilipita na mikungu ya ndizi, jamaa akapunguza mwendo kutuangalia, pengine alidhani tunaliombea gari. Mzee hakufumbua macho. Mkono una kovu refu kutoka kiganjani, sijawahi kumuuliza la nini.

"Kushoto anadanganya," akasema. "Njoo."

Nikaweka kiganja kulia, joto likanisukuma, sikuweza kukaa. Kushoto nikaweka, nikakaa, nikaendelea kukaa. Vuguvugu.

Akanieleza pale pale tumechuchumaa kwamba kwenye reli treni ikisimama stesheni walikuwa wanatembea ubavuni kutoka mwanzo mpaka mwisho wanagusa boksi za ekseli, pale ekseli inapozungukia, moja moja kwa mkono, usiku na mchana, yenye moto ndo mgonjwa, behewa linakatwa linabaki. "Kule tulikuwa tunamtafuta mwenye moto. Leo namtafuta asiye na moto." Akajicheka tena, kinyume tena. Kalipa ya kulia ilikuwa inafanya kazi ya mbili, ndo maana inavuta kulia, na kwenye mteremko mrefu moto wote unaliwa na upande mmoja. Kwa nje zote mbili nyekundu, zinang'aa.

Tukarudi na gia, polepole, tukamwacha kila mwenye haraka apite. Katubuka akaifungua ile ya kushoto, pistoni mbili kati ya nne zimekwama, chini ya raba kuna kutu, ngozi ya pistoni imetoboka vidoti vidoti. Mtumba ni mtumba, chuma kimekaa kontena baharini, yule muuzaji labda hata yeye hajui. Nilitaka tupige msasa. Mzee akanitazama tu. Pistoni ikikwaruzwa inakula raba, raba ikiliwa oili inatoka, na oili ikitoka mkutano umeisha. Tukaagiza pistoni na raba mpya, zikachukua muda wake, zikafika, tukafunga, tukatoa upepo upya, tukapanda tena Kalinzi. Safari hii viganja vyangu ndo vilitangulia na yeye akaja nyuma kuhakiki. Sawa kwa sawa.

Ile siku ya kiwanja haikuwahi kutokea. Ilisogezwa kwanza kwa mvua, halafu kibali, halafu mmoja akauza gari, mwingine akaoa, grupu likabaki la kutumiana salamu za sikukuu. Sijawahi kuzunguka koni hata moja. Gari yenye breki za Tsukuba kazi yake leo ni matuta, vibao vya 50 na mbuzi wa Mwandiga wasiojua wanataka kwenda upande gani.

Na najua watu wanasubiri niseme kuna siku mtoto alikatiza ghafla zikaniokoa. Hamna. Haijatokea, na Mungu aendelee. Mama yao akiuliza hela ile ingekuwa bati ngapi namwambia ni nyingi, kwa sababu ni nyingi kweli. Kuna siku nashuka na lile gari nikiwa na familia nzima na naona ilikuwa hela ya maana kuliko zote nilizowahi kutoa, na kuna siku naziona ni vyuma vyekundu tu ambavyo pedi zake kuzipata ni mpaka uagize Dar. Nabadilika kutegemea na mteremko.

Mzee sasa yuko Tabora kwa binti yake, kibanda kina dogo, yule wa migebuka, na ni fundi mzuri kweli, ananusa kila kitu. Juzi Mzee kanitumia meseji ya sauti, hamna salamu wala nini, "Ulibadilisha oili ya breki?" Nikamjibu ndiyo Mzee, mwezi uliopita. Akauliza iliyotoka ilikuwa na rangi gani. Nikamwambia kama chai ya rangi.

"Mlichelewa," akasema, halafu akaniomba nimtumie migebuka na treni ya Ijumaa.