Nilivyokaa Mwezi Bila Nyama Ilhali Naipenda

Napenda nyama, na sijaona sababu ya kulificha jambo hilo. Nimeila karibu kila siku tangu utotoni, iwe ya kuchoma, ya kuchemsha au ya kukaanga, na chakula cha jioni kisichokuwa nayo nilikihesabu kuwa kifungua kinywa kilichochelewa. Nilipoamua kuiacha kwa mwezi mzima, haikuwa kwamba imenikinai, wala sikuwa na nia ya kugeuka mla mboga wa kudumu. Nilitaka kujua ni sehemu gani ya uchu wangu ilitokana na nyama yenyewe, na ni sehemu gani ilitokana na mazoea ya kuikuta sahanini kila nilipoketi kula.

Kabla ya kuanza niliweka mwisho na mpaka. Mwisho ulikuwa tarehe niliyoiandika kwenye kalenda, na ninaamini kuwa tarehe hiyo ndiyo iliyonibeba kuliko ushupavu wangu, kwa kuwa kila hamu iliponipanda niliweza kujiambia kwamba nyama haijakatazwa, imeahirishwa. Mpaka ulihitaji fikra zaidi. Niliondoa nyama za aina zote, kuku na samaki wakiwemo, pamoja na supu ya mifupa, lakini niliacha mayai na maziwa. Nilianza pia kusoma maandishi kwenye pakiti, kwani jelatini, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, imo katika peremende nyingi za kutafuna, na baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa katika tumbo la ndama. Peremende niliziacha, jibini niliendelea kuila, na anayetaka kuwa mkali kuliko mimi ana haki yake.

Siku za mwanzo nilifanya kile ambacho nadhani wengi hukifanya, yaani kuandaa chakula kilekile cha kila siku na kuondoa nyama, nikabaki na wanga na mboga za pembeni zinazotazamana bila mwenyeji. Nilishiba, ila sikuridhika. Hapo ndipo nilipoanza kujichunguza, nikagundua kwamba hamu haikunijia nilipoiona nyama mbichi dukani. Ilinijia niliposikia harufu ya kitu kinachokaangwa au kuchomwa. Basi nikajiuliza nyama hunipa nini hasa, nikapata majibu manne: ukahawia wa kuchomeka, ladha nzito inayokaa ulimini, mafuta, na kazi ya kutafuna. Yote manne yanapatikana kwingine, mradi mpishi ajue anachokitafuta.

Ukahawia huo una historia yake. Mwaka 1912 mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mmenyuko unaotokea kati ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na sukari zinapopata joto, na mmenyuko huohuo ndio unaoipa nyama ya kuchoma harufu yake, sawa na ganda la mkate na buni iliyokaangwa. Hushika kasi joto linapofika karibu nyuzi 140 za Selsiasi, na ndiyo maana kitu kinachoelea majini, ambayo huchemka katika nyuzi 100, hakiwezi kupata ukahawia huo hata kikae jikoni mchana kutwa. Maarifa haya yalibadilisha upishi wangu wa uyoga. Uyoga una maji mengi sana, na ukirundikwa kwenye kikaango hutoa maji hayo na kujichemsha wenyewe hadi ukawa mlaini na usio na ladha. Nilianza kuutandaza kwa nafasi kwenye kikaango kilichopata moto vizuri, nikausubiri ukauke, kisha nikatia mafuta na chumvi na kuuacha bila kuukoroga mpaka upande mmoja ukawa wa rangi ya kahawa. Vitunguu navyo nilivikaanga kwa moto mdogo kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea. Jioni ya kwanza niliyovipika viwili hivyo pamoja, sikuikumbuka nyama mpaka nilipokuwa naosha vyombo.

Ladha nzito inayokaa ulimini ni jambo jingine. Mwaka 1908 mwanakemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliitenga dutu iitwayo glutamati kutoka katika mwani unaoitwa kombu, akaipa ladha yake jina la umami. Glutamati imo kwa wingi katika nyanya zilizoiva sana, mchuzi wa soya na jibini iliyokaa muda mrefu. Uyoga mkavu, hasa ule wa shiitake, una dutu nyingine inayoitwa guanilati, na viwili hivi vikikutana ladha huongezeka kupita jumla ya kila kimoja peke yake. Kwa hiyo dengu zangu nilizipika kwa maji yaliyolowekewa uyoga mkavu, nikaongeza nyanya zilizokaangwa mpaka zikashikana, na mwishoni nikatia kijiko cha mchuzi wa soya. Mafuta sikuyabania, maana nyama huja na yake ilhali dengu na maharage hayana karibu chochote, na anayeyapika bila mafuta asishangae yakimkwama kooni. Kuhusu kutafuna, karanga za kukaanga na tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini, iliyokamuliwa maji kabla ya kukaangwa zilinitosha.

Swali nililoulizwa na kila mtu lilikuwa la protini, na ni swali la haki. Kiasi kinachopendekezwa kwa mtu mzima mwenye afya ni takriban gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 70 anahitaji gramu 56 hivi kwa siku. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, ikishapikwa, zina protini karibu gramu 26, ilhali kiasi hicho hicho cha dengu zilizopikwa kina karibu gramu 9. Pengo hilo halizibiki kwa kijiko kimoja cha dengu pembeni mwa sahani. Dengu lazima ziwe ndizo chakula chenyewe, zikisaidiwa na mayai na maziwa. Kula nafaka na jamii ya kunde ndani ya siku moja pia kuna faida, kwa kuwa nafaka zina upungufu wa asidi amino iitwayo lisini na kunde zina upungufu wa nyingine iitwayo methionini, na kila upande humkopesha mwenzake. Si lazima vikutane katika mlo mmoja.

Madini ya chuma yanataka ujanja kidogo. Chuma kilichomo katika mimea hufyonzwa kwa shida kuliko kile cha nyama, lakini vitamini C inayoliwa katika mlo huohuo huongeza ufyonzwaji wake, na chai au kahawa huupunguza. Nilikamulia limau juu ya maharage na kusogeza chai mbali na chakula, jambo lililoniuma kuliko kuacha kuku. Vitamini B12 haikunitia wasiwasi, kwani mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, ini huhifadhi akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, na mayai na maziwa vilikuwa mezani. Anayeacha vyakula vyote vya wanyama kwa muda mrefu ni lazima apate B12 ya vidonge au ya vyakula vilivyoongezewa, na mjamzito au mwenye upungufu wa damu aonane kwanza na daktari.

Tumbo langu lilinung'unika mwanzoni kwa sababu ya gesi. Kuloweka maharage usiku kucha na kuyamwaga yale maji kulisaidia, na kuongeza kiasi chake polepole kulisaidia zaidi. Maharage mekundu yachemshwe kwa nguvu angalau dakika 10 baada ya kulowekwa, kwa kuwa yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi.

Mialiko ilikuwa mtihani mkubwa kuliko jiko. Niligundua kwamba ukimwambia mwenyeji "siku hizi sili nyama" anaanza kukuuliza kuhusu afya yako au imani yako, lakini ukimwambia mapema kuwa umeiacha kwa mwezi mmoja tu, anacheka na kukuandalia mayai. Nilikula kidogo nyumbani kabla ya kutoka, ili njaa isinifikishe mahali pa kujadiliana na nafsi yangu mbele ya sinia la nyama. Mtego mwingine ulikuwa uvivu: nyama inahitaji chumvi na moto, basi, ilhali kunde zinadai ukumbuke tangu jana. Nilizipika nyingi kwa mara moja, nikazigawa na kuzigandisha kwenye friji, na nadhani bila hatua hiyo ningeishia kula mayai asubuhi, mchana na jioni.

Sikupata miujiza. Uzito wangu haukubadilika kwa namna ya kutajika, na nguvu zangu zilikuwa zilezile. Choo ndicho kilichokuwa chepesi na cha uhakika zaidi, na sababu yake ni nyuzinyuzi, ambazo nyama haina kabisa. Tarehe ilipofika nilikula nyama, ikawa tamu kama nilivyoikumbuka. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa ndizo sikuzirudia. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka mwaka 2015 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, na nilipoonja soseji baada ya mwezi ule nilisikia chumvi tu. Nyama ya kawaida sasa naila mara chache kwa wiki, na ninapopika ya kusaga, nusu yake huwa ni dengu au uyoga uliokaangwa mpaka ukakauka; wageni huomba waongezwe, nami sijaona haja ya kuwaeleza kilichomo wasipouliza.