Kwa nini boti yangu haivutwi na Land Cruiser

Ukitangaza hapa Lubumbashi kwamba unatafuta gari la kuvuta boti, kila mtu ana jibu, na jibu ni lilelile: Land Cruiser. Wauza vipuri watakuambia hivyo. Shemeji yangu ataapa kwa jina la mama yake. Mimi nimenunua Hilux ya mazutu, yaani dizeli, moteri ya lita 2.4, gia za mkono, usukani kushoto, na tangu lilipoingia uani naulizwa kwa upole kama biashara imeyumba. Haijayumba. Nilipiga hesabu tu, na hesabu yenyewe nitaiweka hapa ili nisiirudie tena sokoni huku nikipima samaki.

Nauza samaki wa Kasenga, kule ukingoni mwa mto Luapula unaotutenganisha na Zambia. Biashara hii ni ya zamani kuliko sisi wote: Wagiriki walikuwa wakileta samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru kwa barafu mpaka mjini wakati wa Wabelgiji, kulisha wafanyakazi wa migodi ya Union Minière. Mimi nina boti ya alumini ya mita tano na nusu yenye moteri ya Yamaha ya nguvu za farasi 40, ile ya kuchanganya esanse, yaani petroli, na oili. Kijana wangu huizungusha mtoni kuwafuata wavuvi kabla wanunuzi wengine hawajafika. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na miezi hiyo hata kwetu samaki hawaji kwa wingi wa kunilipia mlinzi wa boti. Kwa hiyo naivuta mpaka nyumbani, Kampemba hapa Lubumbashi, inatengenezwa, halafu inarudi mtoni. Katikati ya mwaka ikipasuka au moteri ikigoma, nayo inapanda mjini.

Angalieni vizuri hapo. Boti inavutwa mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote gari linabeba masanduku ya barafu na samaki, au linanibeba mimi peke yangu kwenda benki. Mtu anayenunua gari kwa ajili ya zile siku chache za kuvuta atalipa mazutu ya siku hizo mwaka mzima. Lakini akinunua kwa ajili ya siku za kwenda benki, ataunguza klachi ukingoni mwa Luapula. Tatizo lote liko hapo, na hakuna muuza magari aliyeniuliza hata mara moja boti yangu ina uzito gani.

Basi tuanze na uzito. Boti tupu, kilo 380. Remorki yenyewe, yaani trela lake, 330. Moteri, 75. Lita 60 za esanse ni kama kilo 45, kwa sababu esanse ni nyepesi kuliko maji. Nanga, kamba, nyavu, masanduku na vikorokoro vya kijana wangu, 110. Jumla 940. Nilipitisha remorki ikiwa imejaa kwenye mizani ya malori ili nisidanganywe na makaratasi. Chini ya tani moja! Wanaume waliokuwa wakinishauri walikuwa wanaongea kana kwamba navuta feri.

Ranger ya lita 3.2 yenye silinda tano inaruhusiwa kuvuta tani 3.5, na ni gari zuri, sikatai. Isuzu D-Max ya lita 3.0 vilevile haina aibu. Ila ukivuta kilo 940, tani mbili na nusu zinazobaki ni sifa ya kusimulia kwenye bia.

Sasa twende kwenye Land Cruiser, ile ya 79 ambayo migodi yote inaipenda. Moteri yake ya 1HZ ina lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Nguvu yake ya kuzungusha ni niutoni-mita 285. Hilux yangu ya lita 2.4, yenye turbo na gia za mkono, inatoa 343, tena inaanza kuzitoa kwenye mizunguko 1,400 kwa dakika, yaani karibu tu na pale unapoondoka. Na kuna jambo la hewa. Lubumbashi tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Durban, kule pwani ya Afrika Kusini. Moteri isiyo na turbo inapumua hiyohiyo iliyopo, kwa hiyo inapoteza nguvu. Turbo inajisukumia hewa yake. Halafu Kasenga iko chini kuliko mji, karibu mita 300, maana yake safari ya kurudi, gari likiwa na samaki na boti nyuma, ndiyo ya kupanda. Huoni mlima wowote njiani, lakini moteri inauona.

Shemeji alikuwa na hoja nyingine, na hii ilinikalisha chini. Alisema: «Yaya, dada yangu, nunua Hilux ya esanse ya 2.7. Boti inakula esanse, gari linakula esanse, unabeba mafuta ya aina moja.» Ni wazo la mtu mwenye akili. Kijijini ukiishiwa unachota kwenye akiba ya boti, ile ambayo haijachanganywa na oili. Lakini ile 2.7 haina turbo, na niutoni-mita zake 245 zinapatikana ukishaikimbiza mpaka kama mizunguko 4,000. Ukivuta nayo unaishi gia ya tatu, inalia, na sindano ya mafuta unaiona ikishuka kwa macho. Kwa mtu anayevuta mtumbwi wa plastiki mpaka Likasi kila Pasaka, ningesema sawa.

Mahali ambapo watu wa Land Cruiser wana haki ni kwenye mazutu. Ile 1HZ ina pampu ya kizamani, inameza karibu chochote. Hizi za sasa zinapuliza mazutu kwa presha kubwa sana kupitia vitundu vidogo, na maji kidogo au mchanga kidogo vinatosha kuua injekta, na bei ya injekta nne inaweza kukurudisha kwenye baiskeli. Njia ya Kasenga si ya vituo vya mafuta kila kona. Huko utakutana na makadhafi, wale wauza mafuta wa barabarani, na vidumu vyao, na hujui kidumu kilibeba nini jana. Mimi najaza tanki lote mjini, lita 80, na linanitosha kwenda na kurudi. Chujio la mazutu nalibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, na yale maji yanayokaa chini ya chujio namwambia fundi ayatoe mbele yangu. Kama usingeweza kujaza mjini, kama ungekuwa unaishi Pweto kwa mfano, ningekwambia nunua 1HZ na usinisikilize tena. Na ukikuta pikapu iliyotoka Ulaya yenye chujio la moshi kwenye ekzozi, muulize muuzaji maswali mengi, maana hilo linataka mazutu safi yasiyo na salfa nyingi.

Usukani. Magari mengi mazuri ya bei nafuu yanapanda kutoka kusini kupitia Kasumbalesa, na usukani wake uko kulia. Hilux yenyewe inaundwa Durban, Ranger inaundwa Pretoria, kwa hiyo vipuri vya yote mawili vinatufikia kwa barabara moja. Lakini sisi tunatembea kulia. Ukiwa na usukani kulia na lori mbele yako, ili uone kama njia iko wazi lazima utoe gari zima, na nyuma yako kuna mita saba za remorki ambazo bado hazijajua unataka kufanya nini. Niliongeza pesa nikachukua la usukani kushoto. Hapo sikutaka kubana.

Nilichukua pia la kuvuta miguu yote minne, na hili fundi alilipinga. «Mama, unataka gari linalokula kidogo, halafu unaongeza difu ya mbele?» Ni kweli inaongeza uzito, inakula kidogo zaidi. Ila yeye hajawahi kuteremsha boti Kasenga mvua zikiwa zimeanza. Hakuna saruji pale tunaposhukia, ni udongo ule mwekundu unaoteleza, na watoto wanaokaa kutazama kama utazama. Boti ikishapanda kwenye remorki, maji yakiwa bado yanachuruzika, unaweka gia ndogo ya nne kwa nne, unaachia klachi yote, na gari linatambaa lenyewe bila kelele. Bila ile gia ndogo, dereva anacheza na klachi nusu-nusu huku magurudumu ya nyuma yanachimba. Klachi moja iliyoungua inameza akiba yote ya mazutu uliyojivunia mwaka mzima.

Ulaji wenyewe, nimeupima kwa kujaza tanki mpaka shingoni, si kwa kile kioo cha gari kinachokubembeleza. Bila boti linakula kama lita 9 kwa kilomita 100. Nikivuta, kama 13. Nikimwachia kijana avute kwa kilomita 100 kwa saa, inapita 15 na anabisha kwamba ni upepo. Ni upepo kweli, ila ni yeye anayeutengeneza: ukishuka kutoka 100 hadi 80, nguvu ya hewa inayokuzuia inapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Turubai la boti nalifunga kwa nguvu lisivimbe. Na sivuti kwa gia ya sita kamwe. Ya tano, moteri ikiwa kwenye mizunguko 2,000 hivi, inatulia na haibabaiki kwenye vile vipandio virefu.

Imebaki breki. Karatasi za Hilux zinasema remorki isiyo na breki zake isizidi kilo 750, na yangu haina breki. Ndiyo maana kwa sasa moteri ya boti, esanse, nanga na nyavu vyote vinasafiri ndani ya pikapu, mgongoni mwa gari. Boti na remorki peke yake ni 710. Kuna faida nyingine humo: moteri ikining'inia nyuma ya boti inanyanyua shingo ya remorki, ile ncha ya mbele inayoshikwa na gari, na remorki yenye shingo nyepesi huanza kutikisa mkia ukifika mwendo. Mimi nataka shingo ikalie boli la nyuma ya gari kwa kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote, na hilo nalipima kwa mizani ya samaki, nikiweka ubao na tofali chini.

Nimeagiza breki za aina ile ambayo gari likipunguza mwendo, remorki inasukuma shingo yake na kujifunga yenyewe, bila waya wala kompyuta. Fundi amesema atazifunga kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Zikishakaa, moteri itarudi kwenye boti yake, na mimi nitapata nafasi ya masanduku mawili zaidi ya barafu.